Punda wako akiuawa, utadai wapi?

TUSEME, msomaji, wewe ni mkazi wa Hagadera. Ni alfajiri, watu wametoka kuswali, na unatoka nje ya ua wa miiba kumfungua punda wako ili umfunge kwenye gari la maji. Kamba iko, punda hayuko. Unafuata nyayo mchangani, unapita ua wa jirani wa tatu, na pale kando ya kichaka unamkuta amelala ubavu. Ana majeraha ya panga shingoni na mgongoni. Korongo wale wakubwa wenye upara, ambao hawakosi popote penye uozo kambini, wamekwisha kutua na wanakutazama kama wewe ndiye mgeni.

Utafanya nini? Utamwendea nani kwanza: polisi, wazee, kadhi au hakimu? Na je, iko sheria yoyote inayojali kwamba punda amekufa?

Naam, ipo. Tena zipo kadhaa, na baadhi yake ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Taabu ni kwamba wenye wanyama wengi hawazijui, na wanaozijua aghalabu huzikumbuka siku ya tatu, wakati ushahidi umekwisha kuliwa na fisi.

Najua msomaji wa Nairobi au Mombasa atasema punda si shughuli yake. Yeye ana mbwa aliyetiliwa sumu na jirani, au paka wa watoto aliyepigwa jiwe na mpita njia. Asiwe na haraka. Sheria ni ile ile, na tutafika kwake. Nimeanzia Hagadera kwa sababu kule mnyama akiuawa hasara haikomei kwenye machozi ya watoto. Jioni hiyo hiyo nyumba inakosa maji, na kesho inakosa ugali.

Lori la miguu minne

Hagadera iko katika Kaunti ya Garissa, upande wa Fafi, kusini mwa mji wa Dadaab. Ni mojawapo ya kambi tatu za mwanzo za Dadaab, pamoja na Ifo na Dagahaley. Ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991 na Wasomali kumiminika Kenya wakikimbia vita. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Idadi hiyo ilipitwa zamani sana, na watoto waliozaliwa humo miaka ya tisini leo ni wazazi wenye watoto wao shuleni.

Ni mji, basi, hata kama ramani haitaki kuuita hivyo. Una soko kubwa, una hospitali, una shule, una misikiti. Usichokuwa nacho ni lami. Katika mchanga ule punda, ambaye Wasomali humwita dameer, ndiye lori. Siku ya mgao wa chakula utaona magari ya punda yamepanga foleni nje ya kituo, kila moja likisubiri kubeba magunia ya nyumba mbili tatu. Siku nyingine yanabeba madumu ya maji, kuni, nguzo za kujengea, na usiku wa dharura hata mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kijana mwenye punda mmoja na gari la matairi mawili anaweza kulisha mama na wadogo zake. Aliyemuua punda huyo amemfuta kazi.

Kuna sababu nyingine ya kumzungumzia punda. Kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa nchini Kenya vichinjio vya punda, huko Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Kilichotafutwa hasa kilikuwa ngozi, ambayo huko Uchina huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea. Wenye punda waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa vichakani. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilipata punda wapatao milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikapata milioni 1.2 hivi. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku biashara hiyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Kisha Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Unaona, msomaji, hata marais wameketi kumjadili punda.

Mali, si rafiki

Turudi kichakani. Mbele ya sheria za Kenya mnyama wako ni mali. Neno hilo linaweza kukukera ikiwa umemlea tangu akiwa mtoto na unamwita kwa jina. Lakini ndilo linalokupa nguvu, maana mali ina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kudai.

Kitabu cha kwanza cha kufungua ni Kanuni za Adhabu, Sura ya 63. Kifungu cha 338 kinasema kwamba mtu anayemuua, kumlemaza au kumjeruhi kwa makusudi na bila uhalali mnyama anayeweza kuibwa, ametenda kosa la jinai. "Anayeweza kuibwa" ni lugha ya mawakili. Maana yake ni mnyama yeyote wa kufugwa aliye na mwenyewe. Paka wako yumo. Mbwa wako yumo. Zamani, katika sheria ya Uingereza tuliyorithi, mbwa hakuhesabiwa kuwa kitu cha kuibwa hata kidogo. Wakubwa wa enzi hizo walimwona ni pambo tu. Kwetu leo si hivyo.

Ila wanyama hawalingani. Kifungu cha 278, kinachohusu wizi wa mifugo, kina orodha yake: farasi, punda, nyumbu, ngamia, mbuni, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, pamoja na watoto wao. Anayemwiba mmoja wa hawa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Punda wako, basi, amekaa meza moja na ngamia na fahali. Mbwa na paka hawamo katika orodha hiyo, na mwenye mbwa wa bei ya maelfu mengi aliyenunuliwa Karen huenda akashangaa kusikia kwamba punda wa Hagadera ana kinga nzito kuliko mbwa wake.

Na kama ungemkuta punda amechunwa ngozi, hali ingekuwa nyingine. Kifungu cha 289 kinasema anayeua mnyama kwa nia ya kuiba ngozi, mzoga au sehemu yoyote yake, huadhibiwa kama aliyemwiba mnyama mwenyewe. Kwa hiyo mwizi wa ngozi hawezi kujitetea kwamba nyama ameiacha palepale. Tazama mzoga vizuri kabla ya kuandika taarifa. Kilichochukuliwa na kilichoachwa ndicho kitakachoamua ni kosa gani.

Kipo pia kifungu cha 339 cha kuharibu mali kwa makusudi, ambacho adhabu yake inaweza kufika miaka mitano. Waendesha mashtaka hukikimbilia mara nyingi kwa kuwa ni rahisi kukithibitisha.

Halafu kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini. Hii haiulizi mnyama ni wa nani. Inauliza ameteswaje. Kumpiga kikatili, kumtesa, kumpa sumu bila sababu ya haki, yote ni makosa chini yake. Punda aliyekatwa mapanga akaachwa akifa polepole usiku kucha ni kesi yake kabisa. Lakini nikuonye: sheria hiyo hiyo inakataza kumtwika mnyama mzigo unaomzidi na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au na kidonda. Usije ukaenda kituoni kudai haki ya punda ambaye mgongo wake ulikuwa na vidonda vya hatamu vya miezi sita. Mshtakiwa naye ana mdomo.

Saa chache za mwanzo

Hagadera ni joto kali. Mzoga wa asubuhi unanuka adhuhuri, na jirani watakuhimiza uuburute mbali kabla fisi hawajaingia kambini usiku. Wana haki. Basi una saa chache tu, na zitumie hivi.

Kwanza usiusogeze mzoga. Piga picha kwa simu: mnyama mzima, kila jeraha, kamba, damu ilipoanzia, nyayo. Ukimwekea kitu kando, kiatu au kopo, picha itaonyesha ukubwa wa jeraha. Waite watu wawili watatu waone, na wawe watu ambao hamna udugu nao wa karibu, kwa sababu shahidi ndugu ni shahidi nusu. Kama kuna alama ya moto mwilini, ipige picha peke yake. Wafugaji wa Kisomali wana chapa za ukoo, ziitwazo sumad, na hata sheria ya Kenya inaitambua chapa. Kuna Sheria ya Kuchapa Mifugo, Sura ya 357. Chapa ni hati ya kumiliki iliyoandikwa kwenye ngozi.

Halafu nenda polisi siku hiyo hiyo. Taarifa yako iandikwe katika kitabu cha matukio, kile wote hukiita OB, na usiondoke bila nambari. Nasisitiza: usiondoke bila nambari. Taarifa isiyo na nambari ni mazungumzo tu. Omba polisi au wewe mwenyewe mumwite afisa wa mifugo aukague mzoga na kuandika sababu ya kifo. Mtu akisema baadaye kwamba punda alikufa kwa ugonjwa na mapanga yalikuja akiwa mfu, karatasi ya afisa huyo ndiyo itakayomnyamazisha. Katika kesi za sumu, ambapo hakuna jeraha linaloonekana, bila ripoti ya daktari wa mifugo huna kesi kabisa.

Mwisho, andika thamani. Punda alikuwa na umri gani, ulimnunua lini, kwa nani, kwa kiasi gani, na kwa siku alikuwa akikuletea shilingi ngapi. Waulize wauza punda sokoni bei ya leo. Wengi hufika mbele ya hakimu wakiwa na uchungu mwingi bila hesabu yoyote, na hakimu hawezi kuandika uchungu katika hukumu.

Polisi au hakimu?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kesi ya jinai si yako. Ni ya serikali, na wewe ni shahidi. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiyo inayoamua kama mtu atashtakiwa. Aliyekuulia punda akifungwa, jela haitakuletea punda. Utarudi nyumbani na haki mkononi na gari lisilo na wa kulivuta.

Kuna mlango mdogo ambao wenye mifugo wengi hawaambiwi. Kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu, baada ya kumpata mtu na hatia, kumwamuru amlipe mlalamishi fidia ikiwa kitendo chake kinamfanya adaiwe kisheria. Mahakimu hawaitoi amri hiyo bila kukumbushwa. Mwombe mwendesha mashtaka aiombe, na umpe ile hesabu yako ya bei.

Polisi wakikataa kabisa kushughulika? Waweza kulalamika kwa wakubwa wao au kwa mkurugenzi wa mashtaka. Kifungu cha 88 cha sheria hiyo hiyo kinamwezesha hata raia wa kawaida kuomba ruhusa ya hakimu aendeshe mashtaka mwenyewe. Ni njia ya milima na mabonde, wala simshauri mtu aianze bila wakili.

Njia ya pili ni madai. Hapa kesi ni yako, na unachotafuta ni pesa. Mzigo wa kuthibitisha ni mwepesi zaidi: katika jinai lazima shaka yote ya maana iondoke, lakini katika madai yatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yanaelekea kuwa kweli kuliko ya mwenzako. Una miaka mitatu tangu siku mnyama alipouawa. Ikiwa unayemdai ni serikali, kwa mfano askari amempiga risasi ngamia wako akiwa kazini, muda ni miezi 12 tu. Wengi wamechelewa hapo wakidhani wana wakati.

Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, kuna mahakama za kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, pamoja na madai ya mali iliyoharibiwa. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Mahali ambapo mahakama ya aina hiyo haijafika, unakwenda kwa hakimu wa kawaida. Wakazi wa Hagadera walizoea kungoja mahakama tembezi kutoka Garissa, mwendo wa kilomita mia hivi kwa njia ya mchanga. Sasa Dadaab ina mahakama yake.

Mkimbizi naye anaweza kushtaki? Anaweza. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010, inayolinda mali, inamtaja kila mtu, si raia peke yake, na ibara ya 48 inampa kila mtu haki ya kufikia mahakama. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 nao unasema mkimbizi awe na njia huru ya kwenda mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamhesabu mkimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, na shirika la Refugee Consortium of Kenya limekuwa likitoa mawakili Dadaab kwa miaka mingi. Asije mtu akakwambia kwamba punda wa mkimbizi hana mwenyewe.

Wengi hutaka kwenda kwa kadhi. Ni jambo la kueleweka katika mji wa Waislamu, na fiqhi yenyewe inamtaka aliyeharibu mali ya mwenzake ailipe. Lakini Katiba imempa kadhi ndoa, talaka, urithi na hali za mtu binafsi kati ya Waislamu. Punda hayumo. Kadhi anaweza kukupa nasaha, hawezi kukupa hukumu.

Chini ya mti

Kwa kweli, msomaji, kesi nyingi za mnyama huko Garissa hazifiki kwa hakimu. Huishia chini ya mti, mbele ya wazee, kwa kufuata xeer, sheria ya mila ya Wasomali. Huiita maslaha.

Tuseme mshukiwa amejulikana. Ni kijana wa bloku ya pili. Punda wako alikata kamba usiku, akaingia kwao, akararua gunia la unga wa mgao. Kijana akachukua panga. Wazee wanakaa. Mmoja anakwambia, "Mwanangu, mnyama amekwenda. Wataka mtoto wa mwenzio naye aende jela?" Nawe unajibu kwa adabu, "Adeer, sitaki jela. Nataka punda." Wazee wanatazamana. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kweli, kwa sababu gunia la unga nalo litapimwa. Punda wako alifanya uharibifu kabla ya kufanyiwa, na huwezi kudai upande mmoja tu. Lakini kosa la punda kula unga haliwi ruhusa ya kumkata mapanga. Hata hakimu angesema hivyo. Dawa yake ilikuwa kumfunga, kumwita mwenyewe na kudai unga.

Maslaha ina faida ambazo mahakama haina. Ni ya haraka, haina ada, na kwa kawaida humalizika kwa kitu chenye kwato, si kwa karatasi. Ukoo mzima hubeba deni, kwa hiyo kijana asiye na kitu hulipiwa na jamaa zake. Katiba yenyewe, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize usuluhishi wa kimila, mradi hauvunji haki za Katiba. Na kifungu cha 176 cha mwenendo wa jinai kinamruhusu hakimu kusuluhisha makosa madogo ya watu binafsi.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba wazee watosha kwa kila mtu. Nguvu ya maslaha ni ukoo ulio nyuma yako. Na asiye na ukoo karibu je? Hagadera haina Wasomali wa koo kubwa peke yao. Wapo Wabantu wa Somalia, wapo watu wa Ethiopia na kwingineko. Yupo mjane ambaye hana kaka wa kukaa chini ya mti kumsemea. Kwa watu hao nambari ya OB ni ukoo. Hata wewe mwenye jamaa, ikate nambari kwanza kisha ukakae na wazee. Na mkiafikiana, iandikwe: nani amelipa nini, siku gani, na kama malalamiko ya polisi yanaondolewa. Maafikiano ya mdomo yamezaa ugomvi kuliko mapanga.

Kuna jambo dogo ambalo watu wa bara husahau. Mbuzi aliyeuawa kwa jiwe au rungu, bila kuchinjwa kisheria, ni mzoga kwa Mwislamu, na nyama yake ni haramu. Punda wa kufugwa nyama yake hailiwi tangu mwanzo. Mshtakiwa akisema apunguziwe fidia kwa kuwa mwenye mbuzi alibaki na nyama, jibu ni hilo. Hakubaki na kitu.

Wakati sheria ilipofunga mlango

Wazee wa Garissa wanapoiamini xeer kuliko mahakama, wana kumbukumbu. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, mifugo mingi ya kaskazini iliuawa na kunyakuliwa na vikosi vya serikali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Watu waliokuwa na mamia ya ngamia walibaki na fimbo. Wangedai wapi? Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, Sura ya 44, iliyozuia madai ya mahakamani kwa vitendo vya watumishi wa serikali katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, tangu Disemba 25, 1963 hadi Disemba 1, 1967. Mwenye ngamia wa Nakuru angeweza kushtaki. Wa Garissa alifungiwa mlango. Mtoto aliyeyaona hayo akiwa na umri wa miaka kumi leo ni mzee wa kukaa chini ya mti.

Fisi, mbwa na paka

Na kama muuaji si mtu? Fisi hushambulia mbuzi na punda kila mara maeneo yale. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kifungu cha 25, inatoa fidia ya mifugo iliyouawa na wanyama walioorodheshwa, kama vile simba, chui, duma na fisi. Taarifa hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kisha kwa kamati ya fidia ya kaunti. Malipo hayo yanajulikana kwa kuchelewa. Peleka madai yako hata hivyo, na picha za nyayo uziambatishe.

Sasa wewe wa mjini, nilikuahidi. Mbwa wako akiuawa, vifungu vya 338 na 339 na sheria ya ukatili viko wazi kwako kama vilivyo kwa mwenye punda. Lakini tarajia mambo mawili. Kwanza, fidia hupimwa kwa bei ya soko. Mbwa wa mitaani aliyelala mlangoni pa watoto wako kwa miaka tisa, sokoni hana bei, na mahakama zetu hazina mazoea ya kulipia mapenzi. Dai basi na gharama za matibabu ulizotumia kujaribu kumwokoa. Hizo zina risiti. Pili, Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inaruhusu mbwa wanaozurura wauawe na wenye mamlaka hayo. Mbwa asiye na ukanda shingoni wala cheti cha chanjo ni vigumu kumtetea. Cheti hicho kitakusaidia zaidi ya machozi. Na mbwa wako akiwa ndiye aliyeingia kwa watu kuua kuku, kumbuka lile gunia la unga.

Paka ndiye mwenye kesi ngumu kuliko wote. Hana chapa, hana cheti mara nyingi, na hakuna anayeweza kusema alilala wapi jana. Picha zake akiwa nyumbani na watoto, karatasi za daktari wa mifugo, jirani anayemjua kwa jina: hivyo ndivyo vithibitisho vyako. Chama cha KSPCA cha Nairobi hupokea taarifa za ukatili dhidi ya wanyama, nacho ni mahali pazuri pa kuanzia kama polisi wa mtaani kwako wanacheka. Akigongwa na gari, andika nambari ya gari kabla ya kumwinamia. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame ajali inapotokea, si kukimbia.

Na kule Hagadera, jua limekwisha kupanda. Korongo wamesogea hatua mbili. Simu yako imebakiwa na chaji kidogo. Piga picha ya shingo kwanza, kisha ya kamba, na umtume mtoto akamwite jirani wa bloku ya pili aje aone, hata kama ndiye unayemshuku.